Kazi ya Kuwakalisha Watu Chini

Masika iliyopita vidole gumba vyangu viligoma. Havikuuma sana, vilikataa tu, kama mpagazi aliyemaliza mlima mmoja akaambiwa kuna wa pili. Nilikuwa nakanda bega la mwanamke mmoja wa Gitaza, na katikati ya kazi nikaona nasukuma kwa kiwiko kama mtu anayefunga mlango. Nikamwomba radhi, nikamwita Siwema, mwanafunzi wangu, amalizie. Siku ile ndiyo niliyoacha kazi, ingawa nilichukua wiki tatu kukubali kuwa nimeacha.

Siwema na wenzake wanaokanda hapa Rumonge wameniomba niandike niliyoyaona. Baba yangu alinifundisha herufi ili nisome Kurani, hakujua nitakuja kuzitumia kuandika habari za migongo ya watu. Sitawaambia nimewakanda wakubwa gani. Mkubwa akilala kifudifudi hana ukubwa. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na lile nililolikosea, maana hilo ndilo litakalowafaa.

Nilianza nikiwa nimeolewa juzijuzi, wakati Wadachi walipokuwa bado wanajenga boma lao kule Usumbura na mizigo ikipita kila siku hapa pwani ya ziwa. Wapagazi walikuwa wengi, na kila mpagazi ana shingo. Aliyewakanda ni Mama Feza, Mubembe kutoka ng'ambo ya ziwa, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana kama kafi. Nilikwenda kwake na mgongo wangu mwenyewe uliokuwa ukinisumbua, nikabaki miaka kumi na moja.

Siku ya kwanza alinipa mguu wa mpagazi mmoja nijaribu. Nikaugusa hivi na hivi. Mama Feza akatazama kidogo, akaniambia, "Mwamini, unakanda kama mutu anaogopa ugali ni wa moto. Weka mukono yote." Nikaweka mkono wote. Mpagazi akalia. "Sasa umeweka na hasira," akasema. "Toa hasira, acha mukono."

Ilinichukua mwaka mzima kutoa hasira nikaacha mkono.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mafuta ya mise, yaani yale yanayotoka ndani ya kokwa ya mchikichi, si mawese, maana mawese yanampaka mgonjwa rangi na mkewe ataniuliza maswali. Jiwe laini la ziwani lililopashwa moto na kufungwa katika kitambaa. Mkeka mmoja wa mgonjwa, mkeka mmoja wa mkandaji. Mama Feza hakukanda mtu aliyelala kitandani hata siku moja. Alisema kitanda kinakula nguvu ya mkono, wewe unasukuma na chenyewe kinayumba. Mgonjwa chini, mkandaji chini. Kucha fupi. Mafuta yapashwe mikononi kwanza, kwa sababu mtu akishtushwa na ubaridi utafanya kazi nusu saa kuondoa kile ulichokitia mwenyewe.

Jambo moja Mama Feza hakuwa na dawa yake. Walikuwapo watu waliokuja bila mfupa ulioteguka wala msuli uliokaza. Moyo unapiga, mikono baridi, usingizi hakuna, na ukiwauliza wanaogopa nini hawajui. Mama Feza aliwagusa tumbo, akasema, "Huyu iko na moyo," akawapeleka kwa mwalimu wa msikiti waandikiwe kombe, aya za wino zinazooshwa kwa maji, wanywe. Wengine walipona. Wengine walirudi na moyo wao uleule na ladha ya wino mdomoni. Mimi niliwahurumia, lakini nilimeza maneno yangu, maana mwanafunzi hasemi kabla ya mwalimu. Baadaye Mama Feza alirudi kwao ng'ambo kuuguza dada yake, hakuja tena, na kazi ikawa yangu.

Mwaka wa pili tangu aondoke, alinijia Bwana Jivan, Muhindi aliyekuwa na duka la nguo na chumvi karibu na soko. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Alisimama mlangoni pangu akazungumza habari za mvua, halafu habari za samaki ambao yeye mwenyewe hali, halafu akasema mke wake amefika kwa mashua kutoka Ujiji na tangu afike hajatoka nje. Nikamuuliza ni siku ngapi. Akasema ni miezi mitano.

Nilimkuta Kasturi, ndilo jina lake, amekaa juu ya kitanda cha kamba chenye miguu mirefu, magoti kifuani, nyayo amezificha ndani ya nguo. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Pumzi yake ilikuwa inaishia kwenye mifupa ya shingo, haishuki. Nikanyoosha mkono nimsalimie, naye akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mimi hapana guswa," akasema.

Nikasema sawa. Nikakaa sakafuni. Sakafu ilikuwa ya udongo uliosiribwa vizuri, baridi, safi. Nilikaa mpaka chai ikaja, nikanywa, nikaaga. Kesho yake nikarudi, nikakaa tena. Nilikuwa nimetembea kutoka Kigwena asubuhi ile na miguu ilikuwa inawaka, basi nikatoa mafuta yangu nikaanza kuikanda mwenyewe. Sikuwa na hila yoyote. Nilichoka tu. Nilipofika kwenye kidole kidogo nikaguna, maana pana sugu pale, na Kasturi akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, hata yeye alishangaa.

"Wewe nakanda mwenyewe?" akauliza.

"Nani atanikanda? Wote wanangoja niwakande wao."

Akafikiri. Halafu akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akaukanyaga udongo. Nyayo zake zilipogusa sakafu akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu. Nikasogea, nikaishika miguu yake kwa mikono yote miwili, nikaibana chini taratibu, kama unavyobana udongo kwenye shina la mche uliohamishwa. Pumzi yake ilishuka mpaka kifuani. Ilikuwa kazi ya siku moja na nusu, na ilikuwa mwanzo tu.

Siku za mbele alinieleza. Bibi yake kule kwao alikuwa mtu wa dini yao mwenye kujua kukaa chini na kutuliza mwili. Alimfundisha kuwa ndani ya mwili kuna magurudumu, kwa lugha yao chakra, yamepangwa kutoka chini mpaka utosini. La chini kabisa liko kwenye kifandugu, pale tunapokalia, na hilo ndilo mzizi. Ni la udongo. Rangi yake nyekundu, na umbo lake kama yungiyungi lenye majani manne. Likikaa sawa, mtu anajiona yuko mahali pake. Likiyumba, mtu anakuwa kama mti uliong'olewa, kila upepo unamtisha.

"Mimi nilijua yote hii," Kasturi akaniambia. "Lakini mashua ilinitikisa siku nyingi, na hapa sina mutu. Nikasahau kukaa. Mutu naweza kusahau kukaa?"

Nikamwambia anaweza. Nimewaona wengi.

Basi tukafanya kazi pamoja, yeye na elimu ya bibi yake, mimi na vidole vya Mama Feza. Kila asubuhi alikunja kitambaa chekundu, kile tulichokiita bendera, alichokitoa dukani kwa mumewe, akakiweka sakafuni akakikalia, miguu ameikunja, uti wa mgongo umesimama. Mimi nilikaa nyuma yake na kuweka kiganja kilichopashwa moto mwisho wa uti, juu kidogo ya kifandugu. Sisukumi. Naweka uzito tu, ajue kuwa pale papo. Yeye anavuta pumzi polepole, anaitoa polepole zaidi, na mwisho wa pumzi anatoa sauti moja ya chini, "lam," ya kuvuma kama nyuki ndani ya mtungi. Nilikuwa naisikia kwenye kiganja. Kisha nakanda nyayo, kisigino kwanza, vidole mwisho. Baada ya hapo anasimama bila viatu na kuhamisha uzito mguu huu, mguu ule, akitaja vitu anavyoviona: mlango, mtungi, kuku.

Baada ya wiki mbili alifika mlangoni. Wiki ya tatu alikaa barazani. Mwezi ulipokwisha tulikwenda sokoni pamoja. Pale panapouzwa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alibana pua mwanzo hadi mwisho, na wauzaji wakamsalimia "Amahoro" naye akajibu kwa sauti ya mtu aliyebana pua. Kila mtu alicheka, naye pia. Bwana Jivan alinitumia mfuko wa chumvi ambao ulitutosha mpaka kiangazi.

Mnaweza kuniuliza, je, hilo gurudumu lipo kweli? Sijaliona. Nimewakanda watu wengi sana na sijapata kuligusa. Lakini nimegusa mahali linaposemwa liko, nikaona mtu anatulia, na Mama Feza alinifundisha kuwa mkono hauulizi jina.

Mwalimu wa msikiti yeye aliuliza. Aliniita akaniambia amesikia nafundisha ibada ya Wahindi.

"Mnamwomba nani pale?" akasema.

"Hatumwombi mtu, mwalimu. Tunakaa."

"Na hiyo sauti?"

Hapo alikuwa na haki, nami nilikuwa nimeshafikiri. Nilimwambia ile sauti ni ya Kasturi na watu wake. Waislamu wanaokuja kwangu huvuma tu na midomo imefungwa, na anayetaka kumtaja Mungu moyoni anamtaja. Mwalimu akasema kukaa chini hakujaharamishwa popote. Kabla sijaondoka akaniuliza kama njia hiyo inamfaa pia mtu ambaye tumbo linamkaza kabla ya hotuba ya Ijumaa. Nikamwambia inamfaa. Sikumuuliza ni mtu gani.

Kazi ikaenea. Alikuja bibi harusi aliyekuwa anatapika kila alipotajiwa ukweni. Akaja mshika usukani ambaye chombo chake kilipinduka karibu na Gitaza, na tangu siku hiyo akawa hawezi kukanyaga ubao wa mashua. Huyo nilimkalisha mchangani hatua ishirini kutoka kwenye maji, kesho kumi na tisa, na wiki nne baadaye tulikuwa tumekaa ndani ya mashua iliyofungwa, tukila mihogo. Alirudi kazini. Nilianza kujiona fundi mkubwa. Siwema, ambaye sasa mnamjua wote, alikuwa amekuja kujifunza baada ya mumewe kumwacha, na kila alichokiona nilimweleza kwa sauti ya mtu anayejua kila kitu. Nawaambia hili ili mwelewe linalofuata.

Ugonjwa wa malale ulikuwa umefika pwani yetu. Mnakumbuka miaka ile. Vichaka vilifyekwa kandokando ya maji kwa ajili ya mbung'o, na ikatolewa amri kila mtu wa pwani apimwe. Watu wa daktari walishika shingo kutafuta tezi, wakizikuta wanazichoma sindano na kutazama maji yake katika kioo chao. Aliyeonekana mgonjwa alipelekwa kambini kutibiwa. Watu waliogopa kambi kuliko ugonjwa. Wengi walikimbilia milimani na msituni Kigwena, na askari wakawafuata.

Katika siku hizo Mwajuma, muuza mawese wa Kigwena, alimleta mumewe Ramazani, mvuvi. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, nilimjua tangu zamani. Sasa mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimuuliza ana nini.

"Niko naogopa, mama," akasema. "Sijui naogopa nini. Usiku silali. Mutoto akiangusha kikombe, mimi naruka. Juzi nimemupiga ndugu yangu, na sina ugomvi naye."

"Umepimwa?"

Akatazama chini. Mwajuma akajibu badala yake, "Anajificha. Kila wakija iko kwenye michikichi."

Nikasema moyoni, hii ni hofu ya kambi, nani asiye nayo. Nikamkalisha. Nikaweka kiganja mwisho wa uti, nikamfundisha pumzi, nikakanda nyayo. Siku ya tatu mikono ilitulia. Nilifurahi, nikamwambia Siwema, "Unaona? Mzizi." Nikawapa chumba cha uani wakae karibu, niwe namkalisha asubuhi na jioni.

Mwajuma aliniambia mara mbili kuwa mumewe sasa analala mchana kama mtoto mchanga. Nikamjibu kuwa mwili unalipa usingizi uliokosa. Maneno mazuri. Niliyapenda nilipoyasikia yakitoka mdomoni mwangu.

Aliyeona ni Kasturi. Alikuja kunitembelea, kama alivyozoea siku zile, akamkuta Ramazani ameketi kivulini na ndizi mkononi. Alikuwa ameiuma na tonge liko mdomoni, lakini hatafuni. Amelala. Kasturi akamtazama muda mrefu, halafu akanivuta kando.

"Mama Mwamini, mimi najua hofu. Mutu ya hofu hapana lala hivi. Mutu ya hofu iko macho kama sungura. Huyu iko mugonjwa ingine."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye ni mwanafunzi wangu kwa mikono nami ni mwanafunzi wake kwa magurudumu, na huyu yuko mikononi mwangu. Akaniomba msamaha kwa adabu, akaenda zake. Na mimi nikaendelea na Ramazani siku kumi nyingine.

Siku ya kumi nilikuwa nakanda mabega yake. Vidole vyangu vikapita nyuma ya shingo, vikakuta punje, ngumu kidogo, zinateleza chini ya ngozi kama mahindi ndani ya mfuko. Nikasimamisha mkono. Nawaambia kweli: haikuwa mara ya kwanza vidole kupita pale. Vilikuwa vimepita mara nyingi na vilijua. Mimi ndiye sikutaka viniambie.

Nilimwita Mwajuma, nikawakalisha wote wawili, nikawaambia nilichokikuta. Nikasema nilikosea, hii si hofu peke yake, na pengine si hofu kabisa.

Mwajuma hakupaza sauti. "Umejua tangu lini?"

"Kujua, leo. Kuambiwa, siku kumi."

"Nani alikuambia?"

"Kasturi. Sikumsikiliza."

Akajifunika uso kwa kanga. Ramazani aliinuka. Alisema haendi kambini, anakwenda msituni, akifa atafia kwenye miti anayoijua. Macho yalikuwa yamemtoka. Siwema akanitazama, na nikaona ananingoja nifanye kitu, kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikakaa chini. Nikapiga udongo kwa kiganja mbele yangu, nikamwambia, "Ramazani, msitu hauhami. Utaukuta. Kaa kwanza."

Akautazama mlango wa uani. Kisha akakaa. Nikamwekea kiganja mwisho wa uti. Mwajuma akasogea akamshika miguu, akaibana chini kama alivyoniona nikifanya. Tukapumua sote watatu. Nilimwambia kwamba ninachomfanyia hakitoi malale, na kwamba sitasema tena kuwa kinatoa. Kitamsaidia tu kubaki mahali alipo mpaka apate anayejua kutoa.

"Na wakinichoma shingo?" akauliza.

"Nitakuwa nimekaa karibu."

"Utakaa?"

"Kukaa ndiyo kazi yangu."

Tulikwenda kwenye kupimwa kesho yake, yeye, Mwajuma, Siwema na mimi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamesimama juani. Msaidizi wa daktari alikuwa kijana mrefu kutoka pwani ya bahari, mwenye Kiswahili cha kunyooka. Zamu ya Ramazani ilipokaribia, macho yake yakaanza kutafuta njia. Nikamwambia akae. Akakaa mchangani.

"Wanasimama, mama," msaidizi akasema. "Ndiyo amri."

"Wakisimama wanazimia?"

"Wengine."

"Wakizimia wanaangukia nini?"

Akageuka akaitazama meza yake ndogo, chupa zake na kile kioo chake cha kutazamia. Akachukua kigoda, akaja akakaa mbele ya Ramazani, sindano mkononi. Nilikuwa nyuma, kiganja mahali pake. Ramazani akavuma, midomo imefungwa, na sindano ikaingia wakati wa kutoa pumzi. Hakuruka. Mtu aliyemfuata kwenye foleni alikuwa anatazama, naye akakaa. Wa nyuma yake akakaa. Msaidizi akaona foleni yote inashuka kama nguo inayokunjwa. Akanung'unika kitu kuhusu magoti yake, lakini alibaki na kigoda.

Ramazani alikutwa na malale. Alikaa kambini miezi mingi, akichomwa dawa ambayo ilikuwa kali sana. Mwajuma alimpelekea chakula, nami nilikwenda siku ya soko kila wiki, tukakaa. Alitoka mwembamba, jicho moja halioni vizuri tena, lakini alitoka. Hakurudi ziwani. Anasuka na kutengeneza nyavu, na ucheshi wake umerudi wote, pamoja na ule uliokuwa unatuchosha. Nilimuuliza msaidizi kama zile siku kumi zilimdhuru. Akasema siku kumi si nyingi. Hakusema si kitu.

Mwajuma alikuwa hanisalimii. Tulikutana sokoni, akapita na mawese yake kichwani akitazama mbele. Sikumlaumu. Ilipita mvua moja na kiangazi kimoja, na siku moja alisimama mbele yangu akasema mgongo wake unauma. Nikamkanda. Tulipomaliza akasema "Murakoze, yaya," yaani asante, dada, na hilo yaya lilinitosha.

Kwa Kasturi nilikwenda siku ileile ya sindano, tuliporudi. Nilimkuta barazani, nikamwambia alikuwa na haki na mimi nilikuwa na kiburi. Akaniambia kiburi hakikai kwenye gurudumu la chini, kinakaa juu zaidi, na hilo bibi yake hakumaliza kumfundisha. Tukacheka mpaka Bwana Jivan akatoka dukani kutazama. Miaka michache baadaye walihamia Tabora, kwa ndugu zao. Alishuka mpaka mashuani kwa miguu mitupu, viatu mkononi, akitembea polepole mchangani, na hakuna mtu aliyemshika.

Kuanzia hapo nilibadili kazi yangu, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Mtu akija na moyo unaopiga, msikimbilie mzizi. Kwanza shingo, kwa vidole vinavyokubali kuambiwa. Halafu macho, kama yana njano. Muulize usingizi wake ni wa usiku au wa mchana. Mguse paji la uso kama lina homa. Mwanamke, muulize mwezi wake. Muulize amekula nini, maana nimewahi kumkalisha mtu asubuhi nzima kumbe ana njaa. Ukiona lolote, mpeleke kwa anayejua, na uende naye, usimtume. Ukiwa huoni kitu, au ukiwa umeshampeleka na anaogopa njiani, ndipo utandike mkeka. Kila walipopima watu wa pwani nilikwenda kukaa na foleni. Mwanzo nilikuwa peke yangu, baadaye na Siwema, mwisho msaidizi mwenyewe alikuwa anatuma mtu kuuliza kama tunakuja.

Na sasa la mwisho, ambalo sikukusudia kuliandika, lakini Siwema amesema nisipoliandika ataliandika yeye.

Nilipoacha kazi nilidhani nitapumzika. Siku chache nilipumzika kweli. Kisha asubuhi moja niliamka na moyo unakimbia. Hakukuwa na kitu. Mume wangu alikuwa ameshakwenda zake msikitini, kuku wanakula, na mikono yangu iko mapajani haina mtu wa kumshika. Ubaridi ukanipanda vidoleni. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Nilijipapasa shingo mara saba, sikukuta kitu. Nikawa sitoki uani. Nilijiambia ni joto. Nilijiambia maneno mengi mazuri.

Siku ya tisa Siwema alikuja kuomba mafuta ya mise, akaniona nimekaa kwenye kitanda, miguu juu. Mafuta akayasahau. Alinawa mikono mbele ya macho yangu, akanipapasa shingo, akanishusha kope, akaniuliza usingizi, akaniuliza chakula. Nilijibu kila swali kama mtoto mtiifu. Kisha akatandika mkeka.

"Shuka, mama."

"Siwema, mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ndiyo. Shuka."

Nikashuka. Akakaa nyuma yangu, akaweka kiganja. Kilikuwa na joto, alikipasha kwanza. Nikavuta pumzi.

"Unapumua kama unakimbizwa," akasema.

"Najua."

"Unajua, lakini hufanyi."

Nikavuta tena, polepole. Nje wanawake walikuwa wanaanika ndagala na kubishana juu ya kivuli cha nani kiko kwenye samaki za nani. Tulikaa mpaka ugomvi ule ukaisha na mwingine ukaanza. Siwema akaniuliza kama sasa nauhisi mzizi. Nikamwambia sijui habari za mzizi, nahisi kitako kinaniuma kwa sababu mkeka wake ni mwembamba.

"Basi umefika chini," akasema, wala hakuondoa mkono.